Ngoma Iliyotiwa Katika Sahani



Mtu akipigiwa sahani ya santuri inayosemwa kuwa ni ya ngoma ya kwao, neno lake la kwanza huwa ni moja katika mawili: ama "Hiyo kweli," ama "Hiyo si yetu." Maneno yote mawili ni hukumu, na hukumu yataka sababu. Nia yangu leo ni kueleza sababu hizo hutafutwa wapi. Jambo hili si mchezo wa watu wenye nafasi tu. Ngoma nyingi zilizochezwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini hazichezwi tena. Zimebaki katika nta, katika sahani na katika utepe, nazo zimewekwa katika nyumba za mbali, Berlin, London na Afrika ya Kusini. Tusipojua kuzihukumu sisi, watazihukumu wengine, na wajukuu wetu watapewa hukumu hiyo badala ya ngoma.

Na tuanze nchini kwetu. Mwaka 1906, baada ya kuzuka vita vya Majimaji mwaka uliotangulia, alikuja Mjerumani mmoja, jina lake Karl Weule, mtu wa nyumba ya makumbusho ya Leipzig. Alisafiri katika nchi ya kusini, kutoka Lindi kwenda Masasi na Newala, akikaa na Wayao, Wamakua na Wamakonde. Katika mizigo ya wapagazi wake mlikuwamo mashine mbili ambazo wenyeji wengi hawajapata kuziona. Moja ilikuwa ya kupigia picha zinazokwenda, yaani sinema. Ya pili ilikuwa fonografu, mashine ile aliyoivumbua Edison wa Marekani mwaka 1877. Fonografu haikutumia sahani. Ilitumia bomba la nta, mfano wa kopo. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa ya bati, sauti yake ikatikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa sindano, na sindano ikachora mfuo katika nta iliyokuwa ikizunguka. Kisha ukiirudisha sindano pale pale ilipoanza, nta ilisema.

Yafaa kuitazama sana mizigo ile miwili. Sinema ya zamani zile haikuwa na masikio, na fonografu haikuwa na macho. Basi ngoma ilipokamatwa, iligawanywa kama ng'ombe: miguu ikaenda katika filamu, sauti ikaenda katika nta, na hapana kamba iliyozifunga pamoja. Tena bomba la nta lilijaa kwa muda wa dakika mbili au tatu tu, na kila mtu aliyekesha ngomani ajua kuwa dakika tatu za kwanza ni za kukaza ngozi na kukohoa. Tena pembe ya bati husikia vema kilicho karibu nayo. Mwimbaji aliyesimama mbele yake alisikika. Waitikiaji walio nyuma walisikika kama watu walio ng'ambo ya mto. Na ngoma kubwa, ambazo ndizo mama wa mchezo, zilisikika kama mchi unaotwanga katika nyumba ya jirani, au hazikusikika kabisa.

Hiyo si hila ya Mjerumani yule, ila ndiyo tabia ya chombo. Hata huko Ulaya na Marekani, watu waliokuwa wakitia bendi katika sahani waliwaweka wapiga ngoma mbali na pembe, maana mshindo mmoja mkubwa uliirusha sindano ukaharibu kazi nzima. Mara nyingine waliondoa vinanda vikubwa vya nyuzi nene wakaweka tarumbeta nzito mahali pake, ili nta ipate kushika sauti ya chini. Mambo yalibadilika mwaka 1925, ilipoanza kutumika njia ya umeme na mikrofoni. Kwa hiyo mtu anaposikia nta au sahani ya kabla ya mwaka huo, asiseme kwamba watu wa zamani walipiga ngoma kwa unyonge. Unyonge ni wa pembe ya bati.

Mabomba ya namna hiyo kutoka nchi nyingi yalikusanywa Berlin, katika hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900. Mkuu wa hazina ile kwa miaka mingi alikuwa Erich von Hornbostel, mtu mwenye elimu nyingi na sikio jema. Mwaka 1909 alitoa maandishi juu ya nyimbo za Wanyamwezi, na mwaka 1928 akaandika juu ya muziki wa Waafrika kwa jumla. Katika maandishi hayo ya pili alisema neno lililojulikana sana: kwamba Mzungu huanza na kusikia, bali Mwafrika huanza na mwendo wa mwili, na ya kuwa mkono wa mpiga ngoma unapopanda, kabla haujagusa ngozi, kwake umekwisha kuhesabiwa. Wataalamu waliokuja kukaa Afrika wakajifunza ngoma kwa wenyewe walimjadili, na wengine wakampinga. Mimi naona alikaribia kweli katika jambo moja. Alitambua kuwa sauti ile katika nta ina mwili nyuma yake. Lakini mwili wenyewe hakuuona. Alikaa Berlin mbele ya mashine, akaubuni kwa akili. Mtoto wa miaka minane anayecheza pembeni mwa ngoma ya mama yake angalimwonyesha jibu kwa mkono mmoja, tena bila maandishi.

Msidhani kwamba msiba huu wa kupoteza miguu na kubakiwa na sauti umetupata sisi peke yetu, kwa kuwa ngoma zetu haziandikwi. Ulaya watu wameandika muziki wao kwa alama katika karatasi kwa muda wa mamia ya miaka, na yamewapata yale yale. Nitawapa mfano mmoja kwa urefu, maana unatufundisha kuliko mingine yote.

Iko ngoma ya jukwaani ambayo Wafaransa huiita baleti. Wachezaji wake hawaimbi wala hawasemi. Husimulia kisa kwa miguu, mikono na shingo, na chini yao hukaa okestra, yaani kundi kubwa la wapiga fidla, zumari, tarumbeta na ngoma, wakiongozwa na mtu mmoja mwenye kijiti. Tangu mwaka 1909 Mrusi mmoja, Diaghilev, alipeleka wachezaji wa kwao mjini Paris, na watungaji wakubwa wa zama zile wakamtungia muziki. Mmoja wao alikuwa kijana Igor Stravinsky. Tarehe 29 Mei 1913 walicheza kwa mara ya kwanza kazi yake inayoitwa Le Sacre du printemps. Kisa chake hakingemshangaza mzee wa kwetu: ni watu wa kale wa Urusi, wazee wameketi kwa duara, majira ya mimea kuchipua yamefika, na msichana mmoja amechaguliwa acheze mpaka afe ili nchi ipate uzima. Mwenye kuwafundisha wachezaji hatua zao alikuwa Nijinsky, mchezaji aliyesifiwa kuliko wote wa siku zile.

Watu wa Paris walizoea baleti nyororo, wachezaji wakienda kwa ncha za vidole kama ndege. Usiku ule waliona watu wenye miguu iliyopinda ndani, wakipiga ardhi kwa kishindo, na muziki uliovunja hesabu kila baada ya hatua chache. Kelele zikazuka, wengine wakizomea na wengine wakiwazomea wenye kuzomea, hata wachezaji hawakuweza kuisikia okestra. Nijinsky alipanda juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akawapigia makelele ya hesabu ili wasipoteze hatua. Mwenye kijiti, Pierre Monteux, hakugeuka nyuma. Aliongoza mpaka mwisho.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Ngoma ile ya Nijinsky ilichezwa mara chache tu, Paris na London, mwaka huo huo, kisha ikaachwa. Muziki wake ulipigwa peke yake, bila wachezaji, mwaka 1914, na Paris ile ile ikaushangilia. Mwaka 1920 Diaghilev alipotaka kuirudisha jukwaani, alimpa mtu mwingine, Massine, atunge hatua mpya. Basi hatua za kwanza zikapotea kama njia iliyoachwa bila kupitwa. Mwaka 1987, huko Marekani, wataalamu walijaribu kuzifufua kwa kukusanya michoro, barua, na alama alizoziandika msaidizi wa Nijinsky katika karatasi za muziki. Walipata kitu cha kupendeza. Lakini hata wao hawawezi kuapa kwamba ndicho kilekile.

Katika muda huo wote ulikuwa umebaki muziki, na ukaanza kutiwa katika sahani. Mwaka 1929 watu watatu waliifanya kazi hiyo karibu kwa wakati mmoja: Monteux yule yule mjini Paris, Stravinsky mwenyewe, mjini humo humo, na Leopold Stokowski huko Philadelphia, katika Marekani, aliyeimaliza kazi yake mwaka uliofuata. Kazi nzima huchukua zaidi kidogo ya nusu saa. Sahani kubwa ya siku zile ilichukua dakika nne na ushei kwa kila upande, basi ngoma moja ilikatwa vipande ikaenea katika sahani nne au tano. Msikilizaji alisimama katikati ya kafara ile, akageuza sahani, akabadilisha sindano, akaikaza mashine, ndipo msichana yule aendelee kufa. Stravinsky aliifahamu sana sheria hiyo ya dakika. Mwaka 1925 alitunga wimbo wa piano wenye sehemu nne, akiupima kwa makusudi kila sehemu ienee upande mmoja wa sahani. Kabla ya hapo wimbo ulikuwa mwenye nyumba na sahani ni mgeni wake. Toka hapo mgeni akaanza kumpimia mwenye nyumba kitanda.

Nani kati ya watatu wale asadikiwe? Wengi watasema, mtungaji. Yeye mwenyewe aliandika kwamba sahani zake ziwe mwongozo kwa watakaopiga kazi zake, wasije wakazipotoa. Ni neno la haki. Lakini aliitia kazi ile ile katika sahani tena mwaka 1940, na tena mwaka 1960, na sahani zake tatu hazilingani mwendo. Katika ile ya 1929 wapigaji wanasikika wakihangaika na hesabu ngumu, kama watu wanaopita mto wenye mawe yasiyoonekana. Katika ile ya 1960 wanajua njia. Kazi imekuwa ya kawaida. Mimi sioni kwamba iliyo safi zaidi ndiyo ya kweli zaidi. Mwaka 1913 wapigaji walikuwa wageni wa muziki ule, na hofu yao ilikuwa sehemu ya sauti yake. Sahani yenye kuhangaika imetuhifadhia hofu hiyo.

Na Monteux je? Stravinsky alikuwa na haki ya mtungaji, lakini Monteux alikuwa na ushahidi wa namna nyingine: ndiye aliyekuwa na miguu ya wachezaji mbele ya macho yake usiku ule wa kwanza. Mchezaji ana pumzi, na pumzi yake humwambia mpigaji aende mwendo gani. Akiruka, sharti apewe nafasi ya kutua. Okestra iliyozoea kupiga bila wachezaji haina wa kuizuia, nayo yaweza kukimbia mahali ambapo binadamu angeanguka. Kwa hiyo mwamuzi wa sahani ya ngoma hujiuliza swali hili kabla ya mengine: je, mwendo huu, mtu aweza kuucheza? Swali hilo halihitaji kusoma alama za muziki. Linahitaji kuwa umecheza.

Mwaka mmoja kabla ya sahani zile za Paris, waimbaji wa Unguja walipanda meli kwenda Bombay. Kiongozi wao alikuwa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika nyumba ya wafinyanzi, akahamia mjini mwaka 1911, na kufa mwaka 1950. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, na shule nyingi zimeusoma. Kabla yake taarabu ya mjini ilikuwa zaidi ya Kiarabu. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na asili ya muziki wake ni Misri, tangu siku za Sultani Barghash. Siti aliimba Kiswahili, na wenzake wakapiga udi, fidla na tari. Kampuni yenye picha ya mbwa asikilizaye pembe ndiyo iliyotia sauti yao katika sahani mwaka 1928, na biashara ilipokwenda vizuri, kampuni nyingine za Ulaya zikaja mbio kutafuta waimbaji wa pwani.

Taarabu haichezwi kama ngoma ya uwanjani, lakini hukumu yake haina tofauti kubwa. Usiku wa taarabu Unguja ulikuwa na wasikilizaji waliotoa tuzo, waliotikisa vichwa, waliodai beti irudiwe. Bombay palikuwa na chumba, mafundi wasiojua Kiswahili, na dakika tatu. Mwimbaji alikata beti au akaugawa wimbo pande mbili. Hayo ni upande wa hasara. Upande wa faida ni kwamba maneno yalishikwa, na maneno ya Siti yalikuwa habari za mji. Wimbo wake juu ya Kijiti wasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, na mwuaji aliyekimbilia bara. Watu wa Unguja waliousikia siku zile walijua mtaa, walijua kesi, walijua kwa nini majina fulani yalitamkwa kwa uchungu. Sahani haikueleza, maana haikuhitaji kueleza. Mtu anayeisikia leo asiyejua kesi ile atasema sauti ni nzuri, naye atakuwa amehukumu nusu tu.

Yako pia mambo ya kuchekesha katika historia hii. Tangu mwaka 1933 kampuni ile ile ya mbwa ilileta Afrika sahani zenye alama ya GV, nyingi katika hizo zikiwa za bendi za Kuba. Vijana wa miji yetu hawakuijua Kuba wala lugha yake, wala hawakupata kuona jinsi Wakuba wanavyocheza. Walisikia sauti bila miguu, kama Hornbostel alivyosikia Berlin. Ila wao hawakuandika makala. Walitafuta miguu yao wenyewe wakaitia ndani. Hivyo Morogoro, majirani wa Kilosa, wakapata bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na nyimbo zake zingali zinapendwa. Ngoma za Kuba zina asili ya Kiafrika, basi sahani zile zilikuwa kama mtoto aliyepotea baharini akarudi na nguo za kigeni. Hapo sioni kosa. Kosa lingekuwa mtu kuchukua sahani ya Cuban Marimba na kusema, "Hivi ndivyo wanavyocheza Kuba."

Mwaka 1950 alipita Tanganyika Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, Hugh Tracey, akiwa na mashine za kunasa sauti. Huyu alikuwa na mikrofoni, na ngoma hazikumtisha tena. Desturi yake ilikuwa kuishika mikrofoni mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, akaihamisha kwa waitikiaji, akaishusha kwenye ngoma. Hivyo kila chombo husikika wazi, kuliko hata anavyosikia mtu aliyesimama uwanjani. Sifa hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Katika ngoma halisi wewe ndiwe unayeamua kusogea karibu na nani. Katika sahani ya Tracey, mkono wake umekwisha kuamua kwa niaba yako. Tena alipima dakika tatu kwa ajili ya sahani za kuuzwa, hata ngoma zake nyingi huanza zikiwa zimekwisha kupamba moto na kukoma kabla hazijapoa. Lakini tumshukuru kwa jambo ambalo kampuni za biashara zililipuuza: aliandika majina ya waimbaji, mahali, na vyombo. Mwaka 1954 aliunda hazina ya muziki wa Kiafrika huko Afrika ya Kusini, nayo ingaliko. Sahani ilizozitoa zapita 200.

Tuseme basi moja katika sahani za namna hiyo, au nakala yake katika simu, yapigwa Chanzuru, upande wa Kilosa. Nimechagua mahali hapo kwa sababu. Wilaya ile ni ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Lakini reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa, na mashamba ya mkonge yakavuta wakataji kutoka pande zote za nchi. Katika kijiji kimoja waweza kupata mjukuu wa Mmakonde, mjukuu wa Mnyamwezi, na Mgogo ambaye babu yake alishuka kutoka Mpwapwa. Baraza la namna hiyo ni bora kuliko la wataalamu watatu wa chuo kimoja.

Kwanza mwenye kupiga ahakikishe mwendo. Sahani za zamani ziliandikwa kuwa huzunguka mara 78 kwa dakika, lakini si zote zilizotiwa kwa kipimo hicho, na santuri ya kukaza kwa mkono ilichoka kadiri ilivyokwenda. Simu haichoki, lakini huenda aliyenakili hakujali. Mama mzima akisikika kama kitoto, au kijana kama jitu, mashine imesema uongo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wazee hulitambua jambo hilo upesi, maana wanajua sauti ya mtu mzima ikoje.

Kisha wasiambiwe jina la ngoma. Ukimwambia mzee, "Hii ni ya kwenu," kwa adabu atakubali. Mwache asikilize, umwangalie mguu. Mguu ukiitika, mwulize ni ngoma gani, huchezwa lini, na waliotangulia kuingia ni wanaume au wanawake. Mguu ukikataa, mwulize umekataa wapi. Pengine atasema njuga hazisikiki. Neno hilo ni kubwa, kwa kuwa mcheza ngoma aliyevaa njuga ni mpigaji pia. Sahani ambayo njuga zake hazisikiki imemnyamazisha mpigaji mmoja, au watu hawakucheza kabisa siku ile, walisimama tu wakaimba mbele ya mgeni. Wagogo wana ngoma ya muheme, ipigwayo na wanawake. Mama aliyewahi kuipiga, ama aliyekaa karibu na wapigaji, atakwambia kama mikono ile ni ya wanawake waliokwisha kupata joto au walioketi kitako kungojea ishara ya mwenye mashine.

Liko jambo jingine, na hapa vijana wa shule wawe waangalifu. Nyimbo nyingine ni za unyago na za jando. Mama akisema, "Wimbo huu hauimbwi mbele ya watoto," hukumu hiyo imepita zote za uzuri na ubaya wa sauti. Izimwe mashine. Pengine waliouimba mbele ya Mzungu yule hawakupewa nafasi ya kukataa. Pengine walibadili maneno kwa makusudi ili siri ibaki nyumbani, na wimbo uliohifadhiwa kwa heshima katika hazina ya mbali ni wa kumdanganya mgeni. Bibi za Chanzuru waweza kulijua hilo kwa kusikia mstari mmoja. Hapana chombo Berlin kitakacholijua.

Wazee wawili wakipingana, yaandikwe maneno ya wote wawili, na jina la kijiji alikojifunzia kila mmoja. Kijana asijaribu kuyapatanisha. Stravinsky hakupatana na nafsi yake katika sahani tatu. Kwa nini tuwalazimishe Mkaguru wa mlimani na Msagara wa bondeni wapatane katika moja?

Katika mwaka ule ule wa 1950, Tracey alinasa huko Kenya wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika nchi ile na santuri za Wazungu. Miaka ipatayo sitini na mitano baadaye watu wa hazina ile ya Afrika ya Kusini walizirudisha nakala kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliotiwa katika sahani siku zile walikutwa wangali hai. Safari hiyo hiyo ya 1950 ilipita Tanganyika, na majina ya waimbaji wa huku nayo yameandikwa. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano mbele ya mikrofoni ile, ikiwa yu hai leo, ana miaka tisini au zaidi.